Mapazia ya Mtaa wa Harlow

4130 Mtaa wa Harlow,
Detroit
28 Machi

Mwanangu Nedra,

Salamu nyingi zikufikie huko Chicago. Hujambo? Na huo mgongo unaokusumbua ukikaa sana kitini, umepona? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Goti la kushoto linazigomea ngazi, lakini goti hilo limetembeza barua za watu miaka thelathini na moja, lina haki ya kugoma.

Kwanza nikugombeze. Ujumbe wako wa simu niliupata: "Nipo salama, kazi nyingi, nakupenda." Maneno matano! Mimi niliyebeba mfuko wa posta kwenye theluji ya magotini ili mama za watu wasome habari za watoto wao, wa kwangu ananitumia maneno matano. Andika barua, Nedra. Kalamu hazijaadimika huko.

Hapa tumo kwenye mapazia. Pasaka imekaribia, kwa hiyo Jumamosi tulifungua zile nyumba tisa, tukashusha mapazia yote, tukafua, tukapiga pasi, tukayarudisha. Kazi unaikumbuka. Yale ya bluu ya kwa Bi Lutie, uliyoyashona mwenyewe ukiwa na miaka kumi na miwili, yamepauka upande wa jua lakini bado yanafaa. Yancey amevuta waya kutoka kwake, taa za nyumba tatu za upande wake zinawaka zenyewe jioni. Shemasi Burrell anakata nyasi huku akinung'unika, kama kawaida yake. Mimi nimeliegesha gari la marehemu baba yako mbele ya 4119, na pale mlangoni nimeweka viatu vyake vya matope, ili mpita njia ajue Bi Lutie ana mwanamume ndani. Bi Lutie angekuwa hai angenifukuza na ufagio.

Ukipita mtaa wetu mwanzo hadi mwisho huwezi kujua nyumba ipi ina mtu, na ipi mwenyewe alishafariki au alishahamia Georgia. Miaka kumi na tisa sasa hakuna mwizi wa mabomba aliyeingia kwetu, wala nyumba iliyochomwa moto. Mitaa ya kushoto na kulia umeona ilivyobaki. Na sheria ni ile ile niliyokufinya nayo sikio utotoni: pazia la nyumba tupu halifunguliwi. Mtu akichungulia akaona sebule haina hata kigoda, kazi yetu yote imekwisha.

Jambo jingine. Ofisi ya mipango inataka kuhesabu nyumba za upande huu, zenye watu na zisizo na watu. Wenzangu waliingiwa na wasiwasi. Nikawaambia kwenye kikao cha klabu ya mtaa, "Tulieni. Nedra wangu yuko kwenye kampuni za kazi hizo hizo. Mtoto amekulia hapa hapa. Likija baya tutalijua mapema." Wakatulia, na mke wa Yancey akanikatia kipande cha pili cha pai ya viazi vitamu. Unaona? Nakula kwa jina lako.

Utakuja lini? Chumba chako kipo.

Mama yako,
Ozella

*

Chicago
9 Mei

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza kelele. Mimi sijambo. Mgongo hauna shida sana. Nisamehe kwa kuchelewa, Aprili yote nilikuwa safarini kikazi, mji huu na ule.

Nimefurahi kusikia kwamba mapazia ya bluu bado yapo. Nimekuwekea uzi wa rangi hiyo humu ndani, kama kuna pindo lililoachia.

Lakini Mama, nikuulize bila ya kukuudhi. Hamchoki? Nyumba tisa! Ninyi wenyewe mlio chini ya miaka sitini hamfiki watano. Huku kazini nimejifunza kwamba mji hauwezi kusaidia mahali ambapo haujui pana shida gani. Pengine mkisema ukweli, kwamba nyumba kadhaa ni tupu, mtapata msaada ambao pazia haliwezi kuuleta. Nawaza tu kwa sauti.

Nitakuja kazi zikipungua. Wasalimie akina Yancey.

Binti yako,
Nedra

*

4130 Mtaa wa Harlow
16 Juni

Mwanangu Nedra,

Salamu. Hujambo, na mgongo? Uzi umefika, ni mzuri, ahsante. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, na nitakueleza kwa nini.

Jumanne ofisi ya mipango ilituita kwenye chumba cha chini cha kanisa. Walikuja watatu na ramani yenye upana wa shuka. Mtaa wetu wote wameupaka rangi ya maji. Bwawa! Mtaa ukizidi nyumba tupu saba, wanasema, unaingia kwenye eneo la kupokea maji ya mvua, ili sehemu nyingine za mji zisifurike. Sisi tuna tisa. Eti tutafidiwa tuhamie "maeneo yenye uhai." Neno ni lao, si langu. Wametuchorea mpaka bata.

Yancey akasimama na kofia yake ya kiwandani. "Mimi nilinunua nyumba," akasema. "Sikununua ufukwe."

Watu wakaangua kicheko, lakini Shemasi Burrell hakucheka. "Ngojeni tuambizane," akasema. "Nina miaka sabini na miwili. Kila wiki nakata nyasi za marehemu watatu. Tunafua mapazia ya watu waliotuacha. Kwani kuna dhambi gani tukichukua wanachotupa, tukaenda mahali penye duka la dawa?"

Mke wa Yancey akamrukia. "Nenda wewe! Baridi ile bomba lako lilipopasuka, nani alikuchotea maji wiki tatu? Watu wa duka la dawa?"

"Sijasema hamkunichotea!"

"Basi kaa chini."

Mimi sikuweza kumcheka Shemasi, Nedra. Aliyoyasema si upuuzi. Kuna asubuhi naamka nikiwaza zile pasi zote na natamani kujifunika tena. Lakini hapa nikianguka barazani kuna nyumba nne zitakazoniona kabla sijafika chini. Huko kwenye uhai nani atanijua?

Halafu nikaisogelea ile ramani. Nyumba tupu wamezitia nukta nyekundu. Tisa. Si nane, si kumi, na ni zile zile. Hata ya Bi Lutie, ambayo mpeleka barua wetu mpya anaipita kila siku akiamini kuna mpangaji ndani, ila masikini hana ndugu wa kumwandikia! Mtu wa kupita na gari hawezi kujua. Ameambiwa na mtu wa humu ndani. Wote tuliligundua hilo kwa wakati mmoja, watu wakaanza kutazamana. Kisha wakaanza kunitazama mimi. Funguo zote tisa ninazo mimi, na mimi ndiye niliyewaambia watulie.

Sijawahi kutazamwa hivyo katika mtaa huu. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa kama mwizi.

Wewe uko kwenye kazi hizo. Nakuuliza wazi: nani aliwaambia? Nijibu upesi, kikao cha klabu ni Jumamosi ijayo na wanataka jibu.

Mama yako,
Ozella

*

Chicago
27 Juni

Mama mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo. Barua yako ilichelewa kunifikia, na najua kikao kimeshapita. Nisamehe.

Nimeumia kusikia habari ya bwawa. Kuhusu swali lako, sijui hasa. Huenda walitumia rekodi za umeme. Nyumba isiyotumia umeme, kompyuta inaihesabu tupu. Siku hizi hawahitaji kuambiwa na mtu. Kwa hiyo usimshuku jirani, wala wasikushuku wewe. Waambie ni kompyuta.

Nitakuja kazi zikipungua.

Binti yako,
Nedra

*

4130 Mtaa wa Harlow
5 Julai

Nedra,

Salamu. Mimi sijambo.

Si kompyuta. Mjane Pruitt wa 4108 amekatiwa umeme tangu Februari, anatumia waya wa kwa Yancey. Kompyuta ingemhesabu yeye tupu. Nyumba yake haina nukta. Aliyehesabu anajua kwamba Mama Pruitt yumo.

Kikao cha Jumamosi kilifanyika. Shemasi Burrell ndiye mwenyekiti sasa. Nimemkabidhi funguo. Mtu akikuuliza, sema mama yako amezeeka.

Nilikuuliza swali moja, bado nangoja.

Mama yako

*

Chicago
21 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Naandika salamu hizi huku najua huna hamu nazo, lakini sijui kuanza barua kwako bila ya kuuliza hali yako.

Ni mimi.

Karatasi hii ni ya saba. Sita nimezichana. Kila moja ilianza na sababu, na nikizisoma sababu zangu naona aibu zaidi. Basi nakueleza ilivyokuwa tu.

Kazi ile ya ofisi ya mipango ilikuja kwetu, kwenye kampuni yangu. Nilijua tangu Februari. Barua yako ya mapazia iliponifikia, nilikuwa nimeshafungasha begi la kuja Detroit. Sikukuambia. Nilijiambia ni siri ya kazi.

Tuliingia Harlow siku ya Alhamisi asubuhi, katikati ya Aprili, dereva, mwenzangu mmoja na mimi. Sheria ni kuhesabu kutoka garini. Mwenzangu alimaliza kwa dakika sita. Nyumba zote ishirini na moja aliandika zina watu. Mama, mlikuwa mmefaulu. Ningenyamaza tu, mngekuwa mmefaulu.

Nikacheka. Nasema ukweli, nilicheka. Nikasema, "Hamjaona kitu ninyi."

"Kitu gani?" mwenzangu akauliza.

"Ile haina mtu. Na ile. Na ile yenye viatu mlangoni, haina mtu tangu nikiwa mtoto."

"Umejuaje?"

"Tazameni mapazia. Penye watu pazia hufunguliwa asubuhi. Hizi hazifunguliwi kamwe."

Walinitazama kama mtu mwenye macho ya ziada, na mimi nikafurahi. Miaka sita pale nilikuwa yule wa kuulizwa kahawa imeisha au bado. Siku ile nilikuwa bingwa. Nikawaonyesha moja baada ya moja, kwa kidole, nyumba ambazo ulinifundisha kuzifunika. Nilijua hata kile kikomo cha nyumba tupu saba. Wakati ule nilijiambia nawasaidieni, kwamba ukweli utaleta pesa za ukarabati. Nililiandika hilo kwenye barua yangu ya Mei, si unakumbuka? Nilikuwa najitafutia msamaha kabla hujajua kosa.

Bosi alipenda sana. Jambo la mapazia limeingizwa kwenye mwongozo wa kampuni, ukurasa wa nne. Sasa wanalitumia miji mingine. Sijui ni mitaa mingapi yenye akina mama wanaofua kama ninyi, na mimi nimewaanika wote.

Kuna jingine, na hili ndilo linalonikosesha raha nikila na nikikaa. Ulikuwepo. Ulikuwa unafagia ngazi za kwa Bi Lutie, umenipa mgongo, umevaa sweta la baba. Gari lilipunguza mwendo karibu yako kabisa. Dereva akauliza, "Tumuulize huyu mama?" Nikasema, "Hapana, endelea."

Nilifika mlangoni kwako baada ya miaka miwili na nikasema endelea.

Barua yako ya Juni haikuchelewa. Ilifika kwa siku mbili. Nilingoja Jumamosi ipite.

Sikuombi unisamehe, sina uso wa kuomba. Nakuomba uniandikie neno moja, hata la matusi.

Binti yako,
Nedra

*

Chicago
30 Septemba

Mama,

Salamu. Wiki sita sijapata barua yako. Simu inaita mpaka inakatika. Nimempigia mke wa Yancey kujua kama u mzima, akaniambia u mzima, unaoka, na kwamba yeye hana la kunieleza zaidi.

Nilimwendea bosi nikamwomba auondoe ukurasa wa nne. Akashangaa. "Si ulisema ukweli? Aibu ya nini?" Kweli nilisema ukweli. Kila neno lilikuwa sahihi, na bado siwezi kujitazama kwenye kioo cha lifti.

Nimeacha kazi. Usifikiri nimefanya ushujaa. Nilikuwa naingia mle nasikia kile kicheko changu cha garini.

Nimempata yule mpwa wa Bi Lutie, yuko Alabama, mzee sasa. Nimezungumza naye kuhusu 4119. Alicheka sana, akasema alidhani nyumba ilishaanguka zamani. Nitakueleza yakitimia.

Binti yako,
Nedra

*

4119 Mtaa wa Harlow
3 Novemba

Mama mpendwa,

Hujambo? Natumaini goti halijaanza kuuma na baridi hii. Kutoka hapa nakuona ukishuka ngazi kwa upande, mguu mmoja mmoja, basi najua linauma. Mimi sijambo.

Umeshaona gari langu. Niko kwa Bi Lutie, nina mkataba na mpwa wake. Jumatatu iliyopita nilikuja kukugongea mara tatu, nikasikia redio ikizimwa. Sikuja tena. Lakini najua hujawahi katika maisha yako kuiacha barua bila ya kuifungua, ndiyo maana nakuandikia. Barua hii itakwenda mpaka kituo cha posta, ichambuliwe, ilale, irudi mtaa huu huu, ivuke barabara ya hatua ishirini. Najua utasema ni upumbavu.

Ufunguo nilikwenda kuuchukua kwa Shemasi Burrell. Alinitazama kutoka juu mpaka chini. Nikamwambia ninachotaka na kwa nini, nikamwambia yote. Nilidhani atanifungia mlango. Badala yake akasema, "Kwa hiyo aliyetuhesabu ni wewe." Nikasema ndiyo. Akatoa shada la funguo, akatafuta ule wenye utepe wa bluu. "Haya. Kajihesabu." Kisha akasema, "Kikao ni Jumamosi saa nane mchana. Njoo uyaseme hayo mbele za watu, si kwenye mlango wangu."

Nilikwenda, Mama. Nilikaa nyuma nikikungoja uingie, hukuingia. Nikaambiwa huji vikaoni tangu Juni. Nikasimama, nikashika kiti cha mbele yangu. Nikasema, "Aliyewaambia ni mimi. Nilikuwa kwenye gari. Nilionyesha kwa kidole."

Nilitegemea kelele. Mke wa Yancey akaziba mdomo kwa mkono. Yancey akavua kofia yake. Nikafikiri wana hasira mpaka hawawezi kusema, mpaka Shemasi aliposimama.

"Binti," akasema, "Juni mama yako alisimama hapo hapo ulipo. Tukamuuliza nani katuuza. Akasema, 'Ni mimi. Niliropoka, nimezeeka, msitafute mwingine.' Tukamvua uenyekiti. Kuna watu humu hawajamsalimia tangu siku hiyo. Mimi ni mmoja wao."

Sikujua. Naapa kwa jina la baba sikujua. Uliniandikia "sema mama yako amezeeka" na mimi nikaamini umezichoka funguo. Nilikaa chini pale nikalia kwa sauti kama mtoto, mbele ya watu walionilea, na hakuna aliyekuja kunishika, na sikustahili. Mama Pruitt peke yake ndiye aliyenisogezea kitambaa cha mezani nifute pua.

Miezi mitano umepita mtaani umenibebea lawama. Umekwenda kanisani hivyo. Na mimi Chicago naandika karatasi saba kueleza uchungu wangu.

Walisema Jumapili wangekuja kwako wote, Shemasi mbele. Nimeona jana walivyokuja na masufuria, wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Niliona umefungua. Niliona Shemasi amevua kofia na kukuinamia, na wewe ukamshika mkono ukamwingiza ndani. Nilitazama kupitia tundu dogo kwenye pindo la pazia. Sikuvuka, kwa kuwa sikualikwa.

Nyumba haina kitu. Kuna godoro na kigoda. Nimetoa viatu vya baba mlangoni nikaweka vyangu. Mapazia sijayafungua tangu nifike. Nakaa na taa mchana. Wewe asubuhi unakaa barazani na kahawa yako, umeelekea huku, na mimi nikiyafungua utaniona. Siwezi, Mama. Watu wengine wote nimeweza kuwatazama usoni, wewe nimeshindwa.

Binti yako,
Nedra

*

4130 Mtaa wa Harlow
7 Novemba

Mwanangu Nedra,

Salamu. Hujambo? Mimi sijambo. Goti linauma, umesema kweli.

Barua yako imefika Alhamisi. Mpeleka barua alinishikisha huku anacheka, akasema, "Mama Tatum, huyu jirani yako hana miguu?" Nikamwambia ashughulike na mfuko wake.

Ngoja nikuambie usichokijua, halafu tuliache. Siku ile ya Aprili nilikuwa nimekupa mgongo, lakini mlango wa Bi Lutie una kioo. Nilikuwa nimekisugua Jumamosi iliyotangulia kwa mikono yangu hii, kilikuwa kinang'aa. Niliona gari limepunguza mwendo. Niliona kichwa chako. Nilikuwa na ufagio mkononi, nikasema moyoni, nisigeuke, atashuka mwenyewe. Nikahesabu mpaka kumi. Nikasikia gari linaondoka.

Kwa hiyo ramani ilipokuja na nukta zake, nilijua. Nilikuuliza nani aliwaambia na nilijua. Nilitaka uniambie wewe. Umeniambia habari za kompyuta.

Nilisema ni mimi kwa sababu niliwatuliza kwa jina lako. Nilikula pai kwa jina lako, mbele yao. Na kwa sababu nilikuwa naona haya. Usidhani ilikuwa huruma tupu. Nilikuwa tayari waniite mropokaji mzee kuliko waseme Ozella alizaa mtoto aliyempita mama yake barabarani. Hilo lilikuwa langu, sikutaka walijue. Sasa wewe umesimama ukalisema mbele ya kila mtu. Nilikasirika sana niliposikia. Halafu Shemasi alikuja mlangoni akavua kofia, nikakuta hasira imekwisha na sijui nimeiweka wapi.

Barua yako ya Agosti niliisoma mara nyingi. Sikujibu kwa kuwa kila nikianza niliandika mabaya, na barua ikishatiwa sandukuni huwezi kuirudisha. Nani ajuaye hilo kuliko mimi?

Funguo wamenirudishia. Uenyekiti nimemwachia Shemasi, anaupenda, na mwenyekiti hawezi kuhama. Amesema atangoja mpaka Machi wakija kuhesabu tena. Sasa nyumba tupu ni nane. Ikipatikana moja nyingine itakuwa saba. Mke wa Yancey ana mpwa anatafuta nyumba, tutaona. Na huo ukurasa wenu wa nne, utakaa na mimi mezani tuandike barua kwa kila mji mliokwenda. Mimi nitakuambia maneno, wewe utaandika. Usifikiri itakuwa barua moja au mbili.

Bahasha hii nimeandika jina lako na namba 4119 kwa mkono wangu. Mpeleka barua alipoiona barazani, ikiwa bado tupu, aliniuliza kama nimekosea. Miaka kumi na tisa hakuna barua iliyoingia mlango huo. Nikamwambia sijakosea, kuna mtu.

Nimekuwekea sukuma wiki na mkate wa mahindi kwenye bakuli la njano. Silileti. Goti haliwezi barabara ile.

Kila asubuhi nitakuwa barazani na kahawa yangu, kama kawaida. Fungua pazia, Nedra. Nyumba ina mtu.

Mama yako,
Ozella